Junius Rusticus: mwalimu wa Kaisari Marcus ndo huyohuyo aliyemhukumu Yustino

Kila tarehe 1 Juni Wakatoliki wanamkumbuka Mtakatifu Yustino mfiadini, siku mbili tu kabla ya Mashahidi wa Uganda, na kwa wanaosali misa za asubuhi jina hilo si geni, padri atawaambia alikuwa mwanafalsafa, akamjua Kristo, akafungua shule Roma na karibu mwaka 165 akakatwa kichwa. Upande mwingine kuna vijana wengi sana siku hizi wanaopenda yale maandishi ya Kaisari Marcus Aurelius, yale ya kutawala hasira na kuituliza nafsi, na ukifungua kitabu chenyewe mwanzoni kabisa unakuta anashukuru watu mmoja mmoja, anaanza na babu yake, baba, mama, na wa saba anaitwa Rusticus. Sasa hawa wasomaji wa huku na wa kule huwa hawakutani, ndo maana wengi hawajui kwamba hakimu aliyetoa hukumu ya Yustino na huyu mwalimu aliyemlea Kaisari kifalsafa ni mtu mmoja. Quintus Junius Rusticus. Mwanasiasa, konsuli mara mbili, mkuu wa jiji la Roma, na mwalimu wa falsafa ambaye mwanafunzi wake ndo alikuja kutawala dola kubwa kuliko zote za ukanda ule.

Ukimsimulia mtu hii stori, jibu la haraka ni neno moja, mnafiki. Mimi siamini kama ni rahisi hivo, na naona tukimuita mnafiki tukaishia hapo tunapoteza kitu cha maana, kwa hiyo naomba twende taratibu tangu kwenye ukoo wake, manake bila ukoo hii kesi haieleweki.

Kwanza akina Rusticus wako wawili na watu huwa wanawachanganya. Wa kwanza ni Arulenus Rusticus, anayeaminika kuwa babu yake huyu wetu. Mwaka 66 Kaisari Nero alikuwa anataka kummaliza mseneta mmoja anaitwa Thrasea Paetus, mtu ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kutokupiga makofi, yaani miaka 7 nyuma Nero alipomuua mama yake mzazi na Seneti nzima ikaanza kumpongeza, Thrasea alisimama akatoka ukumbini bila kusema neno. Siku ya kesi yake Arulenus alikuwa kijana na alikuwa na cheo cha mtribuni, cheo ambacho kisheria kilimpa mtu mmoja uwezo wa kusimama akasema napinga na uamuzi wa Seneti ukasimama. Akajitolea kufanya hivo. Thrasea mwenyewe ndo akamzuia, akamwambia itakuponza wewe na mimi haitaniokoa, mimi maisha yangu nimeshayamaliza, wewe ndo kwanza unaanza safari yako kwenye mambo ya serikali. Thrasea akafa kwa kukatwa mishipa ya mikono. Arulenus akaishi miaka mingine 27 na hayo maneno kichwani.

Kuna tukio moja dogo la huyo babu ambalo mimi nalipenda kupita kiasi. Mwandishi Mgiriki Plutarch anasimulia mwenyewe kwamba siku moja alikuwa anatoa mhadhara Roma, Arulenus kakaa anasikiliza, mara akaingia askari kapita katikati ya watu na kumkabidhi barua kutoka kwa Kaisari. Ukumbi ukanyamaza. Plutarch naye akanyamaza ili mzee asome barua yake, unajua barua ya Kaisari siyo kitu cha kuweka mfukoni. Arulenus akakataa. Hakuifungua, hakuvunja lakiri, akaishika tu mpaka mhadhara ukaisha na watu wakatawanyika. Plutarch anasema kila mtu alishangaa uzito wa yule mtu, alafu anaongeza kwamba ndo huyo ambaye baadaye Kaisari Domitian alimuua kwa wivu. Aliuawa mwaka 93, na sababu iliyotajwa ni kwamba aliandika kitabu cha kumsifu Thrasea. Kitabu chenyewe kikachomwa moto hadharani pale Forum, katikati ya jiji, na walimu wa falsafa wakafukuzwa Roma.

Kwa hiyo Rusticus wetu, aliyezaliwa karibu mwaka 100, alikulia kwenye nyumba yenye kaburi la namna hiyo. Kwenye ukoo wao falsafa ilikuwa ndo kitu kilichomuua babu, siyo somo la kupitisha muda. Na falsafa yenyewe ilikuwa ya Wastoiko, wale ambao msomaji wa Biblia anawakumbuka kwenye Matendo 17, waliobishana na Paulo kule Athene. Kwa ufupi Wastoiko walifundisha kwamba kitu kizuri cha kweli ni tabia njema tu, kwamba mali, cheo, afya na hata uhai ni vya kupita, na kwamba hakuna mtu anayeweza kukudhuru kwa ndani kama wewe mwenyewe hujakubali. Fundisho hilo likiingia kwa maskini linampa nguvu. Likiingia kwa mseneta linakuwa jambo la hatari kwa Kaisari, manake unamtisha vipi mtu anayeona kifo siyo kibaya?

Huyu mjukuu alipanda ngazi za serikali kama watu wa tabaka lake walivyopanda. Mwaka 133, chini ya Kaisari Hadrian, akawa konsuli kwa mara ya kwanza. Konsuli ilikuwa kilele cha utumishi wa mseneta, wawili wawili, ila kufikia zama za makaisari cheo kilikuwa cha heshima zaidi kuliko nguvu na walikuwa wanapokezana ndani ya mwaka mmoja ili wengi wakipate. Mwandishi wa zamani wa maisha ya Marcus anasema Rusticus aliheshimika mambo ya nyumbani na ya jeshini pia, na karne mbili baadaye msemaji Themistius bado alikuwa anamtolea mfano kama mwanafalsafa aliyetolewa kwenye vitabu akapewa kazi za watu wazima.

Alafu akapatikana huyu mtoto Marcus.

Marcus alizaliwa mwaka 121 na tangu mdogo alikuwa na tabia ya peke yake, alipokuwa na miaka 11 hivi akaanza kuvaa joho la wanafalsafa wa Kigiriki na kulala chini sakafuni, mama yake akahangaika kumbembeleza mpaka akakubali angalau kulala kwenye kitanda kilichotandikwa ngozi. Mwaka 138 akiwa na miaka 16 Antoninus Pius akamchukua kama mwanae, na kuanzia hapo ikajulikana kwamba huyu ndo atatawala. Mrithi wa kiti akipatikana walimu wanajaa, na mkubwa kuliko wote alikuwa Fronto, mzaliwa wa Cirta huko Afrika Kaskazini, mji ambao leo unaitwa Constantine nchini Algeria. Fronto alifundisha balagha, yaani sanaa ya kusema na kuandika kwa uzuri. Alimpenda Marcus kama mtoto wake na barua zao nyingi zipo mpaka leo, barua tamu kweli, za kuulizana afya na kutumiana kazi za shule.

Hapa ndo kuna mvutano ambao lazima tuuelewe ili tujue kazi ya Rusticus ilikuwa nini hasa. Kwa Warumi elimu ya juu ilikuwa na milango miwili iliyokuwa ikigombana. Balagha inakufundisha kumshika msikilizaji, kuchagua neno ambalo halijatarajiwa, kusifia vumbi leo na kesho kusifia uvivu ili tu uonyeshe uwezo. Falsafa inakuuliza wewe unayesema ni mtu wa namna gani. Fronto aliiogopa falsafa, aliona inamkausha kijana wake lugha. Na kuna barua moja ambayo Marcus anamwandikia akiwa na miaka 25, anamwambia hajamaliza kazi aliyopewa kwa sababu amekuwa anasoma vitabu vya Ariston na vimemvuruga, vinamwonyesha mambo mema yalivyo na vinamwonyesha yeye alivyo mbali nayo, ana hasira na nafsi yake, ana huzuni, chakula hakipandi, kafika miaka 25 na bado. Ukiisoma unaona kijana amevunjika katikati.

Mtu aliyemshika mkono kwenye hali kama hiyo alikuwa Rusticus, ambaye wakati huo alikuwa mtu mzima wa makamo, mseneta mwenye konsuli nyuma yake. Na alichomfundisha tunakijua kutoka kwa Marcus mwenyewe. Jambo la kwanza anasema kutoka kwa Rusticus nilipata kuona kwamba tabia yangu inahitaji kurekebishwa na kutunzwa. Hebu fikiria nani anaweza kumwambia hivo kijana ambaye kesho atakuwa Kaisari. Kila mtu anamsifia, kila mtu anataka awe karibu naye, alafu mzee mmoja anamwambia wewe una kasoro na kasoro hizi zinatibika. Yaliyofuata yote yanatokana na hilo: usishindane kwa maneno ya kujionyesha, usiandike mambo ya nadharia tupu, usihutubie watu wawe wema wakati wewe mwenyewe hujawa, usijifanye mcha maisha magumu ili uonekane, achana na balagha na mashairi na lugha ya kupamba, usitembee nyumbani na nguo za sherehe. Akikukosea mtu na akataka kurudi, mrahisishie njia ya kurudi. Ukisoma, soma kwa makini, usiridhike kuelewa juu juu, na usiwe mwepesi kukubali mtu anayesema sana.

Na humo katikati kuna kitu kidogo ambacho ukipita haraka hukioni. Marcus anasema alijifunza kuandika barua kwa unyofu, mfano ile barua ambayo Rusticus alimwandikia mama yangu kutoka Sinuessa. Sinuessa ni mji wa pwani kusini mwa Roma, na mama yake ni Domitia Lucilla. Barua yenyewe haipo tena. Lakini angalia, mtu anatawala dola, amesoma Homer na Plato, na kielelezo cha uandishi mzuri kinachomjia kichwani ni barua ya mwalimu wake kwenda kwa mama yake. Mimi nikifika hapo huwa nawaona kabisa, mama anaifungua, kijana yuko pembeni anasoma juu ya bega lake, na anagundua kwamba mtu anaweza kuandika bila kujipamba na bado akakugusa.

Haikuwa raha tupu. Sehemu nyingine Marcus anashukuru miungu kwamba ingawa mara nyingi alimkasirikia Rusticus, hakuwahi kufanya kitu cha kupitiliza ambacho angekijutia. Mara nyingi, siyo mara moja. Kwa hiyo Rusticus alikuwa wale walimu wanaobana, na mwanafunzi wake alikuwa na uwezo wa kumharibia maisha kwa neno moja, na hakulisema.

Zawadi kubwa inakuja mwishoni mwa ile sehemu, ni maandishi ya Epictetus, ambayo Rusticus alimpa kutoka kwenye nakala yake mwenyewe ya nyumbani. Epictetus alizaliwa mtumwa, mtu wa Hierapolis, eneo ambalo leo liko Uturuki, alikuwa kilema, bwana wake alikuwa Epaphroditus aliyefanya kazi kwa Nero. Alisoma kwa mwalimu Mrumi anaitwa Musonius Rufus, akaachwa huru, akafundisha Roma mpaka Domitian alipowafukuza wanafalsafa, akaenda kufungua shule Nicopolis huko Ugiriki. Hakuandika kitu. Mwanafunzi wake Arrian ndo aliyeandika alichosikia darasani, vitabu 8, vilivyobaki leo ni 4. Jina Musonius lishike, tutalihitaji.

Ndani ya maandishi hayo kuna maongezi ambayo mtu wa ukoo wa Rusticus lazima aliyasoma kwa moyo wa pekee, manake yanamhusu Helvidius Priscus, mkwe wa yule Thrasea. Kaisari Vespasian anamtumia ujumbe asije Seneti. Helvidius anajibu, una uwezo wa kunitoa useneta, lakini maadamu ni mseneta lazima nije. Basi njoo unyamaze. Usiniulize maoni yangu, nami nitanyamaza. Lakini utaratibu unanitaka nikuulize. Nami unanitaka niseme ninachoona ni haki. Ukisema nitakuua. Helvidius anamwambia, ni lini nilikwambia mimi sifi? Wewe utafanya la kwako na mimi la kwangu, la kwako kuua, la kwangu kufa bila kutetemeka.

Rusticus alikuwa na kitabu hicho ndani. Akampa Kaisari wa kesho akisome. Naomba hilo likae akilini.

Mwaka 161 Antoninus Pius akafa, Marcus akashika kiti pamoja na ndugu yake wa kulelewa Lucius Verus, na mambo yakaharibika mapema, mto Tiber ukafurika jijini, njaa ikafuata, vita na Waparthi ikaanza upande wa mashariki. Marcus akamvuta mwalimu wake karibu. Mwaka 162 Rusticus akawa konsuli mara ya pili, na safari hii ni konsuli wa mwanzo wa mwaka, yaani mwaka wenyewe ukaitwa kwa jina lake na la mwenzake, baada ya hapo akawa mkuu wa jiji. Inasemekana Marcus alimshirikisha kila jambo la serikali na la binafsi, na akikutana naye pamoja na wakuu wa walinzi wa Kaisari alikuwa anambusu Rusticus kwanza, wao baadaye. Kwa Warumi waliokuwa wanapima heshima kwa nani anabusiwa lini, hilo lilikuwa tangazo. Hata kwenye barua moja ya kisheria iliyohifadhiwa, makaisari wote wawili wanamwita Junius Rusticus rafiki yetu.

Ukuu wa jiji haukuwa cheo cha kukata utepe. Mkuu wa jiji alikuwa na vikosi vya askari wa jiji chini yake, alikuwa hakimu wa kesi za jinai za Roma na maeneo ya jirani, aliangalia soko, aliangalia bei ya nyama isipande hovyo, alisikiliza malalamiko ya watumwa waliotendewa ukatili. Kuna kitu cha mkononi kabisa kilichobaki kutoka ofisini kwake, mawe ya mizani. Ni mawe mazito ya rangi ya giza, ya duara lililobanwa juu na chini, na juu yamechongwa maneno ya Kilatini yanayosema kwa mamlaka ya Quintus Junius Rusticus, mkuu wa jiji. Mfanyabiashara akikupimia, jiwe lenye jina hilo ndo uhakika wako kwamba hujapunjwa. Nafikiri hilo lilimfaa. Mtu aliyemfundisha Kaisari asijipambe ndo aliyesimamia kilo isiyodanganya.

Na kwenye meza ya hakimu huyohuyo, kati ya mwaka 163 na 167, akaletwa Yustino.

Yustino alizaliwa Flavia Neapolis, mji ambao leo ni Nablus, Palestina, kwa wazazi ambao hawakuwa Wakristo wala Wayahudi. Alitafuta ukweli kwa miguu. Anasimulia mwenyewe kwamba alianza kwa mwalimu Mstoiko, akakaa naye muda, akaona hajifunzi chochote kuhusu Mungu na mwalimu anasema hilo halina ulazima, akaondoka. Akaenda kwa mwingine wa shule ya Aristotle, siku chache tu akadaiwa ada. Mfuasi wa Pythagoras akamwambia kwanza kasome muziki, nyota na jometri ndo urudi. Akatulia kwa wafuasi wa Plato, mpaka siku alipokutana na mzee mmoja karibu na bahari wakazungumza, na mzee akamwelekeza kwa manabii na Kristo. Lakini alipokuwa Mkristo hakulivua joho la mwanafalsafa. Alilivaa mpaka mwisho, akasema hii ndo falsafa ya kweli niliyokuwa naitafuta.

Sasa kumbuka lile jina. Kwenye maandishi yake Yustino anasema kwamba mbegu ya Neno la Mungu imepandwa kwa watu wote, hivo hata kabla ya Kristo wapo waliosema kweli kwa sehemu na wakachukiwa kwa ajili hiyo, na anasema Wastoiko kwenye mambo ya maadili walifundisha vizuri, na mfano anaoutoa wa mtu wa zama zao aliyechukiwa ni Musonius. Musonius! Mwalimu wa Epictetus, ambaye maneno yake yako kwenye kabati la Rusticus. Mshtakiwa na hakimu walikuwa wanamheshimu mtu mmoja. Tena karibu miaka 10 kabla Yustino aliandika utetezi wa Wakristo akauelekeza kwa Antoninus Pius na wanae, na humo anamtaja Marcus kwa jina na kumwita mwanafalsafa, kwa matumaini kwamba mwanafalsafa atasikiliza hoja.

Rekodi ya kesi ipo, imetufikia kwa matoleo matatu, na lile fupi zaidi ndo wataalamu wengi wanaliona liko karibu na kilichosemwa mahakamani. Ni fupi ajabu, kurasa chache tu. Rusticus anauliza, unaishi maisha ya namna gani? Yustino anajibu, yasiyo na lawama. Unafuata mafundisho gani? Nimejaribu kujifunza yote, nikashikamana na ya kweli ya Wakristo. Mnakutania wapi? Popote kila mmoja anapoweza, au unadhani sote tunaweza kuenea sehemu moja? Rusticus anarudia, niambie mnakutania wapi. Yustino anasema naishi juu ya bafu la umma, anataja la nani, na yeyote aliyetaka kuja kwangu nilimshirikisha maneno ya kweli. Kwa hiyo wewe ni Mkristo? Ndiyo, ni Mkristo.

Alafu Rusticus anageukia wanafunzi wa Yustino, walikuwa sita kizimbani mbali na yeye mwenyewe, mmoja mwanamke anaitwa Charito. Kila mmoja anaulizwa, kila mmoja anajibu hivohivo. Rusticus anataka kujua kama Yustino ndo aliyewafanya Wakristo, na mmoja, Euelpistus, anajibu kwamba maneno ya Yustino niliyasikiliza kwa furaha, lakini Ukristo nilirithi kwa wazazi wangu. Wazazi wako wako wapi? Kapadokia. Hapo mwalimu wa falsafa anamuuliza mwalimu mwenzake, ukichapwa mijeledi na kukatwa kichwa, unaamini utapanda mbinguni? Unadhani hivo? Yustino anasema sidhani, nina uhakika kabisa. Mkikataa kutii mtaadhibiwa. Hawakutii. Hukumu ni mstari mmoja: waliokataa kutolea miungu sadaka wachapwe na wapelekwe wakauawe, kwa kufuata sheria.

Kwa nini alifanya hivo? Sheria ndo inatajwa kwanza na ni kweli ilikuwepo. Karibu mwaka 112 Kaisari Trajan alimwandikia gavana Pliny kwamba Wakristo wasitafutwe, ila wakishtakiwa na ikathibitika waadhibiwe, na akikana akatoa sadaka kwa miungu yetu asamehewe. Utaratibu huo ndo unaouona kwenye kesi, hakuna swali la wizi wala uasi, kuna swali la jina tu na nafasi ya kutoka. Kwa hiyo si kweli kwamba Rusticus alikuwa anawinda Wakristo, na hakuna ushahidi kwamba Marcus alimtuma, mkuu wa jiji alikuwa na mamlaka hayo mwenyewe. Inaelekea kuna mtu alimshtaki, na Yustino mwenyewe alishaandika kwamba anategemea kufanyiwa njama na Crescens, mwanafalsafa wa kundi la Wakiniki aliyekuwa akibishana naye hadharani. Ongeza kwamba kwa Mrumi sadaka ilikuwa namna ya kusema mimi ni mwenzenu, miungu ikikasirika mto unafurika na jeshi linashindwa, na mto ulikuwa umeshafurika.

Lakini kwangu mimi hayo hayatoshi, manake Thrasea naye alikufa kwa uamuzi halali wa Seneti. Arulenus naye alihukumiwa kwa utaratibu. Ukoo wake ulijua kuliko ukoo wowote Roma kwamba kitu kinaweza kuwa kisheria na kikawa dhuluma.

Nadhani fundo liko hapa. Epictetus, kwenye kitabu kilekile, anawagusa Wakristo kwa sentensi moja tu, anawaita Wagalilaya, na anachosema ni kwamba wao hawamwogopi mtawala kwa mazoea tu, wakati mtu anapaswa kufika hapo kwa akili na hoja. Marcus naye kwenye maandishi yake anataja ubishi wa Wakristo mbele ya kifo kama kitu tofauti na ujasiri wa mtu aliyefikiri. Yaani Mstoiko alipoona mtu anakufa bila kutetemeka alikuwa na swali la pili, huyu ameelewa au ameshikilia tu? Helvidius akisema la kwako kuua, la kwangu kufa, ni shujaa kwa sababu ni mseneta, anasimama mahali pake, anasema lugha yao. Yustino anayeishi juu ya bafu akisema hilohilo, na Euelpistus wa Kapadokia pembeni yake, sikio la Rusticus halikulitambua. Na falsafa yake ilimfundisha mambo makubwa ya kujitawala, kusamehe aliyekukosea, kutojipamba, ila yote yanahusu anachofanya mtu na nafsi yake. Kwenye kiti cha hakimu ilimwambia tekeleza wajibu wa nafasi yako bila hasira. Naye alitekeleza bila hasira. Ukisoma rekodi hakuna matusi mengi, hakuna kejeli ndefu, ni utulivu, na huo utulivu ndo unaoniumiza mimi kuliko kama angefoka, manake ni utulivu alioufundisha.

Najua kuna watakaosema namhukumu mtu wa karne ya 2 kwa macho ya leo. Sikubali. Alikuwa na macho ya kwao nyumbani. Babu yake alikuwa tayari kusimama akasema napinga, na yeye alikuwa kwenye nafasi ambayo swali moja zaidi, swali la kweli kuhusu huyo Musonius wanayemheshimu wote wawili, lingeweza kuulizwa. Aliuliza mnakutania wapi.

Waumini wakaichukua miili ya wale watu kwa siri wakaizika. Rusticus alipofariki, Marcus aliiomba Seneti imjengee sanamu. Miaka ya mwisho ya maisha yake, akiwa vitani kaskazini karibu na mto Danube, Marcus aliandika zile shukrani zake, na kwenye sehemu ya Rusticus hakuna ukonsuli, hakuna ukuu wa jiji, hakuna kesi hata moja. Kuna barua iliyotoka Sinuessa kwenda kwa mama yake, na kitabu kilichotoka nyumbani kwa mwalimu.